Majivu ya Moto Kwenye Kona ya Kichanja

Nawaandikia akina mama wenye watoto wanaoendesha magari ya mashindano, hasa ninyi ambao barabara ya mashindano inapita mlangoni kwenu. Msimwage majivu barabarani siku hiyo. Wala mchanga, wala chumvi, wala kokoto. Msiseme, "Mimi nitaweka kidogo tu, pale penye hatari." Mimi niliweka kidogo tu, ndoo tatu, pale penye hatari.

Nyumba yetu iko kwenye kona. Hapa kijijini kwetu Kuusimäki watu wanaiita kona ya kichanja, kwa sababu pale kulikuwa na kichanja cha mbao ambapo tulikuwa tunaweka makopo ya maziwa, kabla lori la tangi halijaanza kuingia hadi uani. Barabara inashuka kutoka msituni, inapita sanduku letu la barua, halafu inakata kulia ghafla. Upande wa kushoto kuna shamba la rafiki yangu Saimi, nalo liko chini ya barabara kwa kama kimo cha mtu. Wakati wa joto ni changarawe tu. Kuanzia Desemba ni barafu, na ikifika Machi, jua linayeyusha mchana na usiku unagandisha tena, basi kona nzima inang'aa kama sahani iliyooshwa.

Barafu haijawahi kunishinda. Kila mtu hapa anamwaga majivu kwenye ngazi na kwenye njia ya kwenda sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, lakini wengi wanamwaga yaliyopoa, na upepo ukija yanaondoka. Mimi nayatoa kwenye tanuri ya mkate yakiwa moto. Nayachanganya na mchanga mkavu kutoka sanduku la kuhifadhia karoti kule chini ya nyumba, kisha namwaga haraka. Moto unayeyusha barafu kidogo, mchanga unazama, na baada ya dakika tano baridi imeshaukamata. Hapo hata ufagie kwa ufagio wa chuma, hautoki. Unakuwa kama msasa. Dereva wa lori la maziwa aliwahi kuniambia, "Hilkka, kwako ndiyo nyumba pekee ambayo nashuka bila kuomba Mungu." Nilifurahia maneno yale wiki nzima.

Sasa Veijo wangu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, anafanya kazi kiwanda cha mbao, na mshahara wake wote ulikuwa unaingia ndani ya gari moja la kijani, Saab. Mashindano ya mwezi Machi ya chama chetu cha magari yalikuwa yapite kwetu kwa mara ya kwanza. Tangu Krismasi nilikuwa sili vizuri. Kila nikichungulia dirishani naiona ile kona, naona na shamba pale chini, na Veijo namwona ndani yake.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe walikuwa mezani kwangu yeye na Ilpo, mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye msomaji wake. Msomaji anakaa kiti cha pembeni na daftari. Ndani ya daftari kila kona imeandikwa: ni kali kiasi gani, inazidi kubana au inafunguka, na baada yake kuna nini. Anamsomea dereva kabla kona haijaonekana. Veijo alikuwa akisema kwamba yeye haendeshi kwa macho, anaendesha kwa masikio, na maneno hayo ndiyo yalikuwa yananinyima usingizi kabisa.

"Kona yetu utapita polepole?" nilimuuliza.

"Mama, ni mashindano."

"Nimekuuliza, utapita polepole?"

"Nitapita kwa ubavu."

Ilpo alicheka na viazi mdomoni. "Shangazi, kwa ubavu ndiyo polepole yake huyu. Akinyoosha gari ndipo uanze kulia."

"Kwa ubavu! Baba yako amepita hapo miaka thelathini, na farasi, na trekta. Hajapita kwa ubavu hata siku moja."

"Alipita," alisema Veijo. "Ile siku tulipotoka harusi ya mjomba."

Walicheka mpaka wakaweka uma chini. Na mimi nilicheka, lakini sahani yangu ilikuwa bado imejaa, na Veijo aliiona. Akasogea, akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Sikiliza, mama. Watu wanadhani gari likiteleza limeachia barabara. Halijaachia. Linashika bado, kidogo. Mimi naishi ndani ya hicho kidogo. Almradi kiwe kilekile tangu mwanzo wa kona mpaka mwisho, sina wasiwasi."

Nilisikia neno moja tu hapo, nalo ni "kidogo". Nikajiambia: basi nitamwongezea.

Asubuhi, saa moja na nusu, Taisto alipita. Taisto ni jirani yetu, aliendesha mashindano miaka ishirini mpaka nyonga ikavunjika. Siku ya mashindano ya majira ya baridi, madereva hawaruhusiwi kugusa barabara kabla ya zamu yao, kwa hiyo mtu wanayemwamini anatangulia, anaangalia barafu imekaaje leo, na anachosema ndicho kinachosahihishwa kwenye madaftari. Vijana wetu walimwamini Taisto kama daktari. Nilimwona kupitia pazia. Alisimama kwenye kona yetu, akashuka na mkongojo wake, akaisugua barafu kwa kisigino hapa na pale, akaandika, akaondoka.

Nilisubiri mlio wa gari lake upotee. Kisha nikafungua tanuri.

Nilifanya kazi nzuri, Mungu ananiona. Nilianzia kwenye sanduku la barua nikashuka kuelekea konani, upana wote wa barabara, bila kuacha upenyo. Ndoo tatu zilinifikisha katikati ya kona, majivu yakaisha. Nikasema inatosha, akifika hapo atakuwa ameshatulia. Nilisimama nikaiangalia ile kazi nyeusi ikifuka moshi kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi nikahisi njaa.

Baadaye walikuja wasimamizi wa kona, vijana wawili wa kijiji cha jirani wenye vizibao vya njano. Niliwapelekea kahawa na mkate mtamu wa iliki. Wakanywa wakiwa wamesimama juu ya majivu yangu. Hawakuuliza kitu. Watu wa huku majivu juu ya barafu hatuyaoni; ni kama kuona theluji juu ya paa. Angekuwa mtu wa nchi ya mbali, angeuliza.

Nikapanda sleji yangu, kigari cha kuteleza juu ya theluji ninachokisukuma kwa mguu, nikaenda ukumbi wa kijiji, kama kilomita mbili, ambako akina mama wa chama tulikuwa tunauza supu ya njegere na soseji. Saimi alikuwa ameshafika, anakoroga sufuria kubwa. Saimi na mimi tumekua pamoja. Shamba pale chini ya kona ni lake, na mwanawe Unto ndiye aliyekuwa aondoke wa kwanza siku ile, gari namba moja. Veijo alikuwa namba mbili.

"Umelala?" aliniuliza.

"Vizuri sana."

Aliacha kukoroga. "Wewe? Umelala vizuri? Umekunywa nini?"

"Sijanywa kitu."

"Kama kuna kitu nipe na mimi. Nimeamka saa tisa nikakaa jikoni kama bundi."

Nilitaka kumwambia. Nilitaka kumwambia kwamba nimewatengenezea watoto wetu wote wawili. Lakini nilijizuia, nikawaza nitamwambia jioni, wakisharudi salama, tucheke.

Saa nne kasoro dakika chache Taisto aliingia, amemaliza kazi yake kule mwanzo wa mashindano, anatafuta supu. Alikaa mezani karibu na jiko, mkongojo ukutani.

"Jaza, Hilkka, usinipimie kama mgonjwa. Halafu nikwambie, una kona nzuri pale kwako. Ningekuwa na kona kama ile mlangoni ningekuwa nakaa dirishani siku nzima."

"Nzuri kwa nani?" Saimi alisema. "Mimi ndiye mwenye shamba la kuangukia."

"Haanguki mtu leo. Barabara yote kilomita kumi na nne nimeandika takataka: hapa theluji, hapa changarawe imechomoza, hapa maji yameganda upande mmoja. Kona ya kichanja nimeandika neno moja. Kioo. Mwanzo mpaka mwisho. Nimewaambia vijana, hapo msiogope, tupeni gari kwa ubavu tangu kule juu msituni, litazunguka lenyewe kama mlango."

Upawa ulikuwa mkononi mwangu. Nilimuuliza, nikijaribu sauti iwe ya kawaida, "Kama ni kioo, si ndiyo hatari zaidi?"

"Aa, Hilkka! Wewe ungepewa nafasi ungeyavisha magari soksi." Akina mama wakacheka. "Lakini hebu, umetaja soksi. Ulipokuwa mtoto hujawahi kukimbia ukateleza na soksi sakafuni?"

"Nani hajawahi."

"Ulianguka?"

"Hapana."

"Huanguki, kwa sababu sakafu yote ni sawa. Mwili unajua. Sasa weka zulia katikati ya sakafu, halafu uje kwa soksi, mbio, umesimama ubavu. Nini kitatokea ukifika kwenye zulia?"

Saimi ndiye aliyejibu, huku akikata mkate. "Unaruka unavunja pua."

"Basi. Na gari ni hivyo hivyo." Aliweka vijiko viwili mezani, akaviburuza kwa ubavu juu ya meza yenye mafuta ili tuone. "Dereva anaanza kabla ya kona. Anausukuma usukani kidogo upande wa nje, halafu anaurudisha ndani kwa nguvu, mguu wa kushoto anaugusisha breki. Uzito wote unakuja mbele, pua inabanwa chini inashika, mkia unakuwa mwepesi unatupwa nje. Kuanzia hapo gari linakwenda ubavu ubavu, linateleza lote kwa pamoja, na anasawazisha kwa mafuta. Ameshamaliza kuamua. Hana tena la kubadilisha. Kama barafu ni ileile, atatoka upande wa pili amekaa sawa. Lakini likikutana na kitu kinachoshika ghafla, likiwa katika ubavu ule," na hapo akagonga kijiko kwenye ukingo wa sahani, na kijiko kikapinduka, "matairi yanasimama, mwili unaendelea. Kuteleza hakujaua watu wengi, Hilkka. Kushika ghafla ndiko kunakoua."

Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa nne kasoro dakika moja, na gari la kwanza lilikuwa liondoke saa nne kamili.

Sikumbuki kuweka upawa. Nakumbuka nilisema, "Taisto, nimemwaga majivu."

"Wapi?"

"Kwenye kona. Baada yako. Majivu ya moto na mchanga."

Nilitegemea anitukane. Laiti angenitukana. Alisimama bila mkongojo wake, akasema kwa sauti ndogo sana, "Kuanzia wapi mpaka wapi?"

"Sanduku la barua. Mpaka katikati."

"Upana?"

"Wote."

"Yameshika?"

"Yameshika. Hayatoki."

Tukatoka nje, yeye akichechemea, hadi kwenye gari lake lenye redio ya mawasiliano. Saimi alitufuata. Alikuwa amechukua ule upawa wangu, ameushika kama mwavuli.

"Mwanzo, mwanzo, hapa Taisto ukumbini. Simamisha magari yote."

Redio ilikwaruza. "Taisto, kuna nini? Namba moja ameshaondoka. Dakika moja iliyopita."

Namba moja. Hakuna aliyeuliza ni nani. Nami ninyi akina mama nitawaambia ukweli, maana bila ukweli onyo halina kazi: kitu cha kwanza kilichonipita moyoni kilikuwa, Mungu asante, si Veijo. Kilipita haraka kama nusu ya pumzi. Halafu nikamwona Saimi. Hakupiga kelele. Alikuwa anaangalia barabara ya msituni, midomo inahesabu. Alikuwa anahesabu dakika. Kutoka mwanzo hadi kona yetu ni dakika tatu.

"Kule konani kuna redio?" aliuliza.

"Hakuna," alisema Taisto. Kisha akarudi redioni. "Wengine wote wakae. Sahihisheni madaftari. Kona ya kichanja, kuanzia sanduku la barua mpaka katikati ya kona, kuna mchanga na majivu, upana wote. Mtu mmoja wa kijiji amemwaga."

Nilimshika mkono. "Sema ni mimi."

"Hilkka, si lazima sasa hivi."

"Sema ni mimi! Veijo akijua ni mimi atajua yamekaaje. Ameniona nikimwaga tangu azaliwe. Anajua namwaga mazito mwanzoni halafu yanapungua. Anajua hayatoki. Akisikia 'mtu wa kijiji' atafikiri ni vumbi tu la juu."

Taisto aliniangalia, kisha akasema redioni, "Mwambieni namba mbili ni majivu ya mama yake. Ya moto. Amesema yeye anajua."

Kisha sauti, polepole: "Ameelewa. Amekaa chini kwenye theluji, lakini ameelewa."

Tulikwenda kwa njia ya kusombea magogo inayotokea kwenye ghala la Saimi, upande wa chini wa shamba, kwa sababu barabara yenyewe ilikuwa imefungwa. Tulipofika, lilikuwa limeshatokea. Juu, kwenye tuta la theluji kando ya barabara, kulikuwa na pengo kama jino lililong'oka. Chini yake, hatua arobaini ndani ya shamba, gari la Unto lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake, paa limebonyea, vioo vyote vimekwisha. Msomaji wake alikuwa amesimama juu ya tuta ameinua kibao ambacho kila gari hubeba, cha kuonyesha kwamba hakuna haja ya kusimamisha mashindano. Unto mwenyewe alikuwa amekaa kwenye theluji, ameegemea gurudumu, mkono wa kushoto ameukumbatia.

Saimi alikimbia. Theluji ilikuwa inamfika mapajani, anazama, anatoka, anazama, upawa bado mkononi. Mimi nilibaki kando ya gari.

Mmoja wa wale vijana wa vizibao vya njano alitushukia, uso mweupe. "Aliingia vizuri kabisa," alimwambia Taisto. "Kwa ubavu, tangu kule juu, nilishaanza kushangilia. Halafu pale kwenye sanduku ikawa kama mtu amelidaka mguu. Liliruka. Sijaona gari linaruka hivyo, halikugusa hata tuta, lilipita juu." Akaangalia viatu vyake. "Tulikuwa tumesimama juu yake, mzee. Tumekunywa kahawa juu yake."

Bega la Unto lilikuwa limevunjika, mfupa huu wa mbele unaoelekea shingoni. Na kichwa kilikuwa kinamuuma, lakini alijua jina lake na siku ya leo. Daktari aliitwa kwa redio. Taisto alitufukuza sote pale, tukambeba Unto hadi ghalani, mbali na mdomo wa kona. "Wengine wanakuja," alisema. "Gari likitoka linafuata njia ileile. Msikae hapo hata kama mnalia."

Veijo alikuja baada ya robo saa. Nilimsikia msituni kabla sijamwona, ile sauti ya Saab ninayoijua kama kikohozi chake. Nilikuwa nimeshika ubao wa mlango wa ghala. Namba mbili ilitokea juu, na badala ya kuutupa mkia, aliweka gari sawasawa katikati ya barabara, matairi yote manne yakielekea mbele. Alifunga breki akiwa bado kwenye barafu, kidogo; na alipofika kwenye sanduku la barua, juu ya majivu, alifunga breki kwa nguvu zote. Gari likainama pua likatii. Lilipita juu ya kazi yangu taratibu na wima, kama lori la maziwa. Pale majivu yalipokwisha, ndipo akausukuma usukani nje, akaurudisha, mkia ukazunguka kwenye kioo kitupu, theluji ikaruka juu kama unga, na akapotea nyuma ya miti.

Hakuangalia upande wa nyumba.

"Umeona?" alisema Taisto, kama anayezungumza peke yake. "Mchanga ni mzuri ukiukuta umenyooka. Ukiukuta umegeuka, basi."

Mashindano yale Veijo alimaliza wa sita. Siku mbili hakuzungumza nami zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Siku ya tatu alisema, "Mama, ningekufa," na mimi nikasema, "Najua," na akasema, "Hapana, hujui. Ningekufa nikiwa nadhani ni makosa yangu." Kisha akala. Lakini haya ni ya baadaye, na ninayotaka mjue hasa ni ya ghalani.

Unto alikuwa amelala juu ya majani makavu, amefunikwa makoti. Ananiita shangazi tangu utotoni, ingawa hatuna undugu. Meno yalikuwa yanagongana. Saimi alikuwa amepiga magoti kichwani kwake. Aliniona nimesimama mlangoni.

"Umemwambia?" aliniuliza.

"Bado."

"Mwambie wewe. Kabla sijamwambia mimi."

Nilipiga magoti upande wa pili. Majani yale yalikuwa yananichoma magoti, nakumbuka, na harufu ya ng'ombe, na Unto ananiangalia kwa macho makubwa.

"Unto," nilisema, "ni mimi niliyemwaga majivu. Asubuhi, baada ya Taisto. Nilidhani nawasaidia."

Alifumba macho. Nilidhani amezimia. Chozi moja likamtoka pembeni, likaingia sikioni.

"Kulikuwa na majivu?"

"Kulikuwa na majivu. Ndoo tatu."

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, mwanangu."

"Nimelala hapa nafikiri nimesahau," alisema. "Nafikiri mikono yangu imesahau. Nilifanya kila kitu, shangazi. Nililisikia linateleza sawasawa kama alivyosema Taisto. Halafu likanikataa. Nikasema, basi, siendeshi tena, sijui tena." Akajaribu kucheka, bega likamkatiza. "Ndoo tatu! Mungu wangu. Ulikuwa unapika nini?"

"Nyamaza wewe," Saimi alisema, na sauti yake ikavunjika.

Daktari alikuja na machela. Walimpitisha Unto kwenye njia ya magogo hadi kwenye gari la daktari, Taisto mbele akionyesha njia kwa mkongojo. Saimi naye alikuwa apande gari hilo, nalo lilikuwa limesimama upande wa pili wa ua, na kati ya ghala na gari kuna mteremko wa barafu tupu, ambao mume wake hajawahi kuumwagia kitu. Alipiga hatua moja, akayumba, akasimama. Alikuwa na viatu vya ukumbini, vya soli laini.

Nilisimama nyuma yake. Nilisema, "Saimi, nisamehe."

Hakugeuka. "Leo siwezi, Hilkka," alisema. "Usiniulize leo. Leo nipe tu mkono nishuke hapa."

Nilimpa mkono. Tulishuka ule mteremko ubavu ubavu, vihatua vidogo, kila mmoja akimshika mwenzake kwenye kiwiko, mpaka kwenye mlango wa gari. Alipoingia, alikuwa bado na upawa wangu. Aliuangalia kama hajawahi kuuona, akanirudishia kupitia dirishani, na daktari akaondoa gari.